Nani mwenye maji yaliyookolewa Usangu?

Habari za mto Ruaha Mkuu zinasomeka vizuri zaidi Ng'iriama, kwenye mwamba uliokatiza njia ya mto pale ardhioevu ya Ihefu inapoishia. Mito ya bonde la Usangu inayoteremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kama Chimala, Kimani na Mbarali, pamoja na Ndembera, hukusanya maji yake Ihefu kwanza. Kutoka hapo maji hupanda juu ya mwamba huo na kuendelea na safari ya kwenda mabwawa ya Mtera na Kidatu na hatimaye mto Rufiji. Ihefu ikijaa, maji hufurika juu ya mwamba bila shida. Yakishuka chini ya ukingo wake, hata kwa kina cha kiganja, mto unakatika. Nyuma ya mwamba kunabaki matete, kambale na ndege. Mbele yake, mchanga.

Mwaka 1993 ndipo kukatika huko kulipoanza kuwashtua watu, na tangu hapo kumekuwa jambo la kila kiangazi. Miaka mingine ni wiki chache, mingine ni zaidi ya miezi mitatu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko hujibana kwenye madimbwi ambayo kila siku yanazidi kuwa tope, samaki hufa, na nyati na tembo hulazimika kufuata maji mbali na malisho yao. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, lakini uhai wake wa kiangazi umeegemea mto huu mmoja.

Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliutangazia ulimwengu kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika na kupita, mto ukiendelea kukatika.

Isidhaniwe kwamba hakuna fedha iliyotumika. Ilitumika, na sehemu yake kubwa ilielekezwa kwenye jambo ambalo kila mtu aliliona la busara: kuzijenga upya skimu za umwagiliaji za wakulima ili shamba lile lile limwagiliwe kwa maji machache zaidi, na maji yaliyookolewa yarudi mtoni. Hoja hiyo ni nzuri kuisikia. Mkulima anapata mfereji imara, mto unapata maji, na serikali inapata kitu cha kuzindua. Ndiyo maana imekuwa ikirejea Usangu katika kila awamu ya miradi, kwa jina jipya na bajeti mpya. Kinachohitaji kuulizwa ni kwa nini, baada ya saruji yote hiyo, mwamba wa Ng'iriama bado unakauka.

Mradi uliobeba hoja hiyo kwa uwazi zaidi ulianza mwaka 1996 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiunganisha mambo mawili: usimamizi wa mabonde ya mito ya Rufiji na Pangani, na uboreshaji wa skimu za wakulima wadogo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mgawo mkali wa umeme. Mtera, bwawa kubwa linalohifadhi maji kwa ajili ya mitambo yake ya megawati 80 na ile ya Kidatu ya megawati 204, lilikuwa limeshuka vibaya, na macho yote yakageukia juu ya mto, kwenye majaruba ya wilaya ya Mbarali. Ilionekana dhahiri kwamba wakulima wa mpunga wanapoteza maji. Mifereji yao ni ya udongo, mabanio yao ni ya miti na mawe, maji yanamwagika kila upande. Wapewe mabanio ya kisasa, wasakafiwe mifereji, na maji yanayopotea yatakwenda kuzungusha mitambo.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kulitazama banio lenyewe, maana mambo mengi yamejificha pale.

Banio la kienyeji ni kazi ya mikono. Nguzo za miti hukitwa kwenye kitanda cha mto, mawe hupangwa katikati, kisha hushindiliwa majani, matawi, tope na viroba vya mchanga. Mto ukija kwa nguvu wakati wa masika, banio hubebwa lote, na wakulima hurudi majini kulijenga upya, pengine zaidi ya mara moja katika msimu mmoja. Ni adha isiyo na mfano. Wakati mwingine miche iko shambani tayari, jua linawaka, na wanaume wa skimu nzima wako ndani ya maji hadi kiunoni wakipigania mfereji. Mkulima yeyote anayeomba banio la zege ana haki ya kuliomba.

Lakini banio la miti na mawe lilikuwa na sifa moja ambayo haikuandikwa kwenye mchoro wowote: lilikuwa linavuja. Hata kiangazi, mto ukiwa na maji ya kufikia kifundo cha mguu, sehemu fulani ilipenya kati ya mawe na kuendelea na safari. Mkulima wa chini naye alipata. Na mafuriko yalipolibomoa, maji yote ya masika yaliteremka Ihefu bila kuguswa mpaka banio lijengwe tena.

Banio la zege halivuji na halibebwi. Ukuta unavuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, na pembeni pana lango la chuma linalopandishwa na kushushwa kwa gurudumu. Siku mto umepungua, anayeshika gurudumu hilo anaweza kugeuza mtiririko wote, mpaka tone la mwisho, ukaingia mferejini. Uwezo huo hakuwa nao jana. Amepewa na mradi uliokusudia kumpunguzia maji.

Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, aliyeutafiti umwagiliaji wa Usangu kwa miaka mingi, ni mmoja wa waliolisema jambo hili mapema na kwa ushahidi. Alionyesha pia kwamba hesabu ya maji yanayopotea ilikuwa na kasoro. Maji yanayomwagika kutoka jaruba moja huingia jaruba la jirani. Yanayotoka mwisho wa skimu hufuata mtaro wa kutolea maji, na huko chini yupo mkulima mwingine aliyelima kwa kuyategemea hayo hayo. Kwa kipimo cha shamba moja, maji yamepotea. Kwa kipimo cha bonde zima, yametumika mara mbili, tatu, na mengine yamerudi mtoni. Ukimsakafia mfereji mkulima wa juu, maji "yaliyookolewa" yanaweza kuwa ni yale yale ambayo jirani yake wa chini alikuwa akiyalimia. Naye wa juu, akishaona mfereji wake unafikisha maji mbali kuliko zamani, anaongeza majaruba.

Hilo la kuongeza majaruba halina uovu wowote ndani yake. Mpunga wa Mbarali ndio unaosomesha watoto Rujewa, Ubaruku, Igurusi na Chimala, na mtu aliyepewa maji na ardhi ipo hawezi kuambiwa aiache ardhi hiyo kwa ajili ya hesabu iliyofanywa ofisini. Kosa liko kwa aliyetoa fedha bila kusema maji yatakayobaki ni ya nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Usangu ilifanyiwa uchunguzi wa kina pengine kuliko bonde lingine lolote nchini. Ulianza mradi wa usimamizi wa ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake uliofadhiliwa na Uingereza, ukafuatiwa na utafiti wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Matokeo yake yalivunja imani nyingi. Eneo linalomwagiliwa masika, lililokadiriwa kupanda na kushuka kati ya hekta 20,000 na zaidi ya 40,000 kufuatana na mvua, halikuwa ndilo linaloukata mto. Masika maji yanatosha, na Ihefu hujaa. Kukauka kwa Mtera nako hakukuweza kutupiwa wakulima wa Usangu peke yao, kwani namna bwawa lenyewe lilivyokuwa likiendeshwa ilikuwa na mchango mkubwa. Kinachoukata mto ni kiangazi, kuanzia Julai hadi Novemba, wakati mito yote ya Usangu kwa pamoja haina maji ya kuzidi na malango ya mifereji yameachwa wazi.

Yameachwa wazi kumwagilia nini, ilhali mpunga umeshavunwa? Bustani kiasi, mahindi na maharage ya kiangazi katika maeneo ya juu. Lakini sehemu ya maji hayo inaingia mferejini kwa sababu nyingine kabisa: vijiji vilivyo kandokando ya mfereji havina kisima. Mfereji ndio bomba lao. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia, ya kunyweshea mifugo, yote yanatoka humo. Ili ndoo ya mama aliyeko mwisho wa mfereji ijae, maji mengi mno lazima yaachiwe juu, mengi ya hayo yakinywewa na udongo na jua kabla hayajamfikia. Kijiji kinahitaji maji kidogo sana; mfereji unakunywa mengi.

Kwa hiyo uboreshaji wa umwagiliaji wenye tija kubwa kwa mto Ruaha, katika baadhi ya vijiji, ni kuchimba kisima kirefu na kufunga lango. Haufanani na picha ya uzinduzi wa skimu. Hakuna hekta inayoongezeka. Lakini mama anapata maji safi kuliko ya mfereji, na mto unapata maji ya kiangazi ambayo kwa miaka umekuwa ukinyimwa. Watafiti walilipendekeza hilo zaidi ya miaka 20 iliyopita, na bado halijawa nguzo ya programu yoyote kubwa ya umwagiliaji.

Takwimu za Ihefu zinaonyesha ukubwa wa pengo linalopaswa kuzibwa. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walipiga hesabu ya maji yaliyoingia na kutoka Ihefu kuanzia 1958 hadi 2004. Waliona kwamba maji yanayoingia miezi ya kiangazi yalipungua kwa karibu asilimia 70, na eneo la ardhioevu la kiangazi likasinyaa kwa karibu asilimia 40. Wakakadiria pia kiwango cha chini ambacho mto unakihitaji ndani ya hifadhi ili uhai wa msingi usitoweke: mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani lita 600. Ni kijito. Lakini ili lita hizo 600 zivuke mwamba wa Ng'iriama, kinachopaswa kuingia Ihefu ni wastani wa lita 7,000 kwa sekunde, takriban mara mbili ya kilichokuwa kinaingia wakati wa utafiti, kwa sababu Ihefu yenyewe, pana na yenye kina kifupi chini ya jua la Oktoba, hupoteza maji mengi hewani.

Mtu akitaka kujua kama fedha za umwagiliaji zimeusaidia mto, anaijua sasa namba ya kuuliza. Ni namba moja, inapimika, na mahali pa kuipimia panajulikana.

Watafiti hao walikuwa na njia ya kuwafanya watu wayaone haya kwa macho. Lankford alibuni mchezo wa bonde: ubao mrefu uliochongwa mfano wa mto, unaoinamishwa upande mmoja, na vishimo pembeni vikiwa ndiyo mashamba. Wachezaji wanapewa vijiti vya kuweka mtoni kama mabanio, kisha gololi zinamiminwa kutoka juu. Gololi ndiyo maji. Aliyeko juu huweka kijiti kirefu na vishimo vyake vinajaa mpaka kufurika. Wa chini anahesabu gololi mbili, tatu, au hapati kabisa. Wakulima wa Usangu waliucheza, wa juu na wa chini wakiwa wamekaa kwenye ubao mmoja. Baada ya mzunguko wa kwanza wa kunyang'anyana huja mzunguko wa kuelewana: nani afupishe kijiti chake, kwa kiasi gani, na nani aanze. Thamani ya mchezo huo ni kwamba hauhitaji lawama. Mtu wa juu anakiona kishimo kitupu cha mwenzake, na anajua kijiti kilichokiacha kitupu ni cha nani.

Kitu kimoja ambacho ubao unakionyesha na mchoro wa mhandisi haukionyeshi ni tofauti ya kugawana maji yakiwa mengi na kugawana yakiwa machache. Kibali cha kutumia maji kinataja lita kadhaa kwa sekunde. Masika namba hiyo ina maana. Kiangazi, ukijumlisha vibali vyote vya mto mmoja, jumla inaupita mto wenyewe. Kila mwenye kibali akidai haki yake ya kwenye karatasi, wa kwanza anachukua maji yote na bado hajavunja sheria. Lankford na wenzake walipendekeza mabanio yajengwe kwa uwiano: ukuta uwe na nafasi mbili zisizozibika, moja ya mfereji na moja ya mto, ili mto ukipungua wote wapungukiwe pamoja. Kwa lugha ya mkulima, kila mmoja apate sehemu yake ya kilichopo, kisichotosha kigawanywe hivyo hivyo kisivyotosha. Banio kama hilo halimpi yeyote gurudumu la kufunga mto.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika kulipia maji ya mazingira kupitia mashamba ni Australia, na inafaa kuitazama kwa makini kwa sababu ilifanya jambo moja kubwa ambalo Usangu haijalifanya, na bado ikakwama mahali ambapo Usangu nayo imekwama.

Bonde la mito ya Murray na Darling lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, karibu moja ya saba ya bara hilo. Wakati wa ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mdomo wa mto Murray ulilazimika kuchimbwa kwa mashine miaka nenda rudi ili usizibwe na mchanga wa bahari. Bunge likapitisha Sheria ya Maji ya 2007, na mwaka 2012 ukaja mpango wa bonde zima uliolenga kurudisha lita bilioni 2,750 kwa mwaka kwenye mazingira. Serikali ilitenga takriban dola bilioni 13 za Australia, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya miundombinu.

Utaratibu wa shambani ulikuwa hivi. Mkulima anataka kusawazisha shamba lake kwa mionzi ya leza, kubadilisha mfereji wa wazi kuwa bomba, au kuacha kumwagilia kwa mafuriko na kutumia matone. Serikali inalipa. Kwa malipo hayo, mkulima anakabidhi kwa serikali angalau nusu ya haki ya maji itakayookolewa. Na hapo ndipo penye jambo kubwa: kwao haki ya maji ni mali iliyoandikishwa, imetenganishwa na ardhi, inauzwa na kununuliwa. Sheria hiyo hiyo ya 2007 iliunda ofisi ya serikali kuu inayomiliki maji kwa niaba ya mito. Maji yakikabidhiwa yanaandikwa kwa jina la ofisi hiyo, nayo ndiyo inayoamua yaachiwe lini na wapi, kwa ajili ya msitu wa mafuriko au mazalia ya ndege. Maji yaliyookolewa yana mwenyewe, na mwenyewe ana hati.

Hata hivyo, mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Uchambuzi baada ya uchambuzi ulionyesha kwamba lita moja iliyopatikana kwa kulipia miundombinu iligharimu zaidi ya mara mbili ya lita ambayo serikali ingeinunua moja kwa moja kutoka kwa mkulima aliyekuwa tayari kuuza. Wanasayansi kama Quentin Grafton na John Williams walihoji kile kile ambacho Lankford alikihoji Usangu: maji yaliyokuwa yakivuja shambani na kurudi mtoni kupitia ardhini hayakutolewa kwenye hesabu, kwa hiyo sehemu ya uokoaji ilikuwa ya kwenye karatasi. Mwaka 2017 televisheni ya taifa ya nchi hiyo ilifichua uchotaji wa maji kaskazini mwa bonde katika maeneo ambayo mita hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Na lita bilioni 450 za ziada, zilizoahidiwa kupatikana kupitia miradi ya ufanisi tu, hadi kufikia mwaka 2023 hata moja ya kumi yake haikuwa imetimia. Mwaka huo bunge likabadilisha sheria na kuruhusu serikali kununua maji tena kwa upana zaidi.

Agosti 2018 Grafton na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba mtego huu upo duniani kote. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa jimbo la Kansas, Marekani, ambako serikali ilisaidia wakulima kununua vinyunyizi visivyopoteza maji. Uvutaji wa maji ya ardhini ukaongezeka. Wakulima, wakiwa na chombo kinachowapa zaidi kwa kila lita, waliongeza eneo na kuhamia mazao yenye kiu kama mahindi. Walifanya kile ambacho mkulima wa Mbarali angefanya.

Tanzania haina soko la haki za maji, na hakuna sababu ya kulitamani. Katika bonde la wakulima wa ekari mbili, maji yanayouzika yangehama haraka kutoka kwa mnyonge. Lakini nchi ina sheria nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka mahitaji ya nyumbani kwanza, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo yafuate mengine yote. Kwa mujibu wa sheria hiyo, lita 600 za Ng'iriama zinatangulia jaruba lolote. Kinachokosekana ni kuziandika lita hizo mahali fulani ambapo mhandisi anayechora skimu analazimika kuziona.

Badala yake, kwa miaka mingi lawama ilihamia kwingine. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na makundi yao ya ng'ombe, kwa maelezo kwamba ndio wanaoharibu Ihefu. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Tafiti zilizotangulia zilikuwa zimeshaonyesha kwamba ng'ombe hawanywi kiasi cha kuukata mto, na mto uliendelea kukatika hata ng'ombe walipokwisha kuondoka. Mwaka 2017 ukaja mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, dola milioni 150 kwa ajili ya utalii wa kusini, na sehemu yake moja ilikusudiwa kuboresha umwagiliaji na usimamizi wa maji juu ya hifadhi ili mto upate maji ya kiangazi. Kwa malengo yake, ulikuwa mradi sahihi. Lakini ulifungamanishwa na hifadhi yenye mgogoro wa mipaka na vijiji. Wanavijiji walipeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo mwaka 2023, wakieleza kuondolewa kwao na ukatili waliosema umefanywa na askari wa hifadhi. Aprili 2024 malipo yalisimamishwa, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Sehemu ya maji ilizama pamoja na mengine. Wakulima na mto, waliowekwa kwenye mkataba mmoja na bunduki, walipoteza wote wawili.

Fedha ya sasa inatoka zaidi mfukoni mwa serikali yenyewe. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka wa fedha 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na ya umwagiliaji ikaruka kutoka bilioni 46.5 hadi bilioni 361.5. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ilikuwa haijawahi kushika fedha za namna hiyo. Ni habari njema, na nchi inayolisha majirani zake mchele haihitaji kuiombea radhi. Lakini lengo ambalo Tume ilipewa lilihesabiwa kwa hekta, hekta milioni 1.2 ifikapo 2025, na kipimo ndicho kinachoamua tabia ya taasisi. Meneja anayepimwa kwa hekta atayaona maji yaliyookolewa kuwa ni hekta ambazo bado hazijalimwa. Hakuna anayepimwa kwa lita zilizovuka mwamba.

Upande wa wakulima, mbinu za kutumia maji machache zipo na zinafanya kazi. Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho Chuo Kikuu cha Sokoine kilikifanyia majaribio katika skimu ya Mkindo, Morogoro, kinapanda miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na jaruba linaloweshwa na kuachwa likauke badala ya kusimamisha maji muda wote. Mavuno yanapanda na maji yanapungua. Usangu kuna faida nyingine katika kuwahi kitalu: mpunga wa mapema hupata bei nzuri kabla soko halijafurika, na shamba lililovunwa mapema halidai maji mwezi Juni na Julai, wakati mto unaanza kuyahitaji kwa ajili yake wenyewe. Mkulima na mto wanakutana kwenye kalenda moja. Lakini ili wa chini aweze kuwahi, wa juu lazima ampishie maji ya kulowesha ardhi mwezi Desemba, na hapo tunarudi kwenye kijiti na gololi. Jumuiya za Watumia Maji ndizo zinazopaswa kusimamia mapatano hayo. Mara nyingi zina katiba na mihuri, lakini hazina pikipiki ya kumfikisha msimamizi kwenye banio la juu.

Kwa sasa kibali cha maji cha skimu kinataja namba moja ya lita kwa sekunde. Kikiandikwa upya kinaweza kutaja mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi, ya pili ikiwa ni sehemu ya mtiririko uliopo siku hiyo. Mamlaka ya kufanya hivyo inayo tayari Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na haihitaji mkopo. Mkataba wa kusakafia mfereji unaweza kubeba kifungu kinachotaja ni kiasi gani cha maji ya kiangazi skimu hiyo itauachia mto, na lango lijengwe kwa namna ambayo haliwezi kuyazuia. Fungu la visima vya vijiji vilivyo kwenye mifereji linaweza kuingizwa ndani ya bajeti ya skimu yenyewe, badala ya kusubiri foleni ya wizara nyingine. Na kipimo cha maji Ng'iriama kinaweza kusomwa kila Septemba na Oktoba, taarifa yake ikapelekwa kwa kamati ile ile ya Bunge inayopokea hesabu za hekta.